TAA ZA KUZAMA DARINI: TUJIHADHARI KABLA YA KUUNGUA



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za malaria, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie taa. Huenda mtu akauliza: muuguzi na taa wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba aliyeungua huletwa kwetu, hapelekwi kwa fundi umeme. Ni kweli kwamba watoto wengi wanaoletwa hospitali kwa kuungua wamemwagikiwa na uji, chai au maji ya moto, na hayo hatutaacha kuyasema. Lakini moto wa nyumba unaozuka usiku huleta majeruhi wengi kwa mara moja, na wengine hawafiki hospitali kabisa.

Baada ya moto wa namna hiyo aghalabu tunaambiwa kuwa chanzo ni "hitilafu ya umeme". Maneno hayo huenda yakawa ya kweli, ila hayamfundishi mtu kitu. Hitilafu gani? Ilianzia wapi? Ilikuwa na dalili? Leo tunataka kueleza hitilafu moja tu, nayo ni ya taa iliyokosa mahali pa kutolea joto lake. Tumeichagua kwa sababu inaongezeka katika nyumba zetu, na kwa sababu hutoa dalili mapema kwa mwenye kuijua.

TAA HIZI NI ZIPI?

Zamani nyumba nyingi zilikuwa na globu moja inayoning'inia katikati ya chumba kwa waya wake. Haikuwa na pambo, lakini hewa iliizunguka pande zote na joto lake likaenda zake. Siku hizi mtu akijenga, iwe Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Pangani, hupenda dari ya jipsamu au ya plastiki, na katika dari hiyo fundi hutoboa matundu ya mviringo ya kuzamishia taa. Ukitazama kutoka chini unaona pete tu, ya chuma au ya plastiki, na mwanga unaotoka katikati yake. Kitako cha globu, maungio ya waya na kisanduku cha kupunguza umeme vyote vimo juu ya dari, mahali ambapo mwenye nyumba hapaoni tangu siku fundi alipoondoka. Taa za namna hii zimeingia pia katika maduka, nyumba za wageni, kumbi za parokia na makanisa.

Taa hizi si mbaya kwa zenyewe. Zikifungwa vizuri na kuwekewa globu inayostahili hukaa miaka mingi bila madhara. Ubaya huja pale joto linapofungiwa.

JOTO HUTOKA WAPI?

Globu ya zamani yenye uzi ndani yake hutumia umeme mwingi kutoa joto kuliko kutoa mwanga. Katika kila sehemu 100 za umeme inaotumia, hazifiki 10 zinazokuwa mwanga. Zilizobaki zote ni joto. Globu ndogo za halojeni, ambazo ziliwekwa sana katika taa za kuzama, ni kali zaidi: kioo chake hupita nyuzi joto 250 za Sentigredi. Mkumbuke kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, na kwamba kitu chenye nyuzi 70 kikigusa ngozi ya mtoto huiunguza kwa muda wa sekunde moja hivi. Kwa hiyo anayepanda juu ya kiti kubadilisha globu iliyokuwa ikiwaka sasa hivi anashika kitu cha moto kuliko sufuria ya uji.

Taa za LED zinazouzwa siku hizi ni afadhali sana. LED ya wati 8 hadi 10 hutoa mwanga kama wa globu ya zamani ya wati 60. Hata hivyo si kweli kwamba haina joto. Joto lake halitoki mbele pamoja na mwanga. Hukaa nyuma, kwenye kitako na kwenye kile kisanduku cha umeme, yaani upande ule ule uliofichwa darini.

KWA NINI JOTO HILO NI HATARI?

Kwanza, waya wa kawaida wa majumbani umefunikwa kwa plastiki iliyotengenezwa kustahimili nyuzi 70. Ukilazwa juu ya taa yenye joto kupita hapo, miezi na miaka ikipita plastiki hiyo hukauka, hupasuka na kubanduka. Waya mbili zilizo wazi zikigusana, hupiga shoti.

Pili, jipsamu yenyewe haiwaki, kwa kuwa ndani yake mna maji yaliyoshikamana na chokaa yake. Lakini haikujishikilia hewani. Imegongomelewa kwenye fremu, mara nyingi ya mbao. Mbao inayopashwa joto siku nyingi hukauka, hugeuka kahawia, kisha nyeusi kama mkaa, na mbao iliyofikia hali hiyo hushika moto upesi kuliko mbao nzima. Dari ya plastiki hulainika na kudondoka, na ikiwaka hutoa moshi mkali unaochoma macho, koo na mapafu.

Tatu, kuna kosa dogo linalofanyika mara nyingi. Pete ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED huungua globu yake, na mwenye nyumba anakwenda dukani kununua nyingine. Anauziwa halojeni ya wati 50 kwa sababu kitako chake kinaingia sawasawa. Kuingia si kufaa. Pete iliyozoea joto la wati 5 sasa inabeba la wati 50. Itapinda, itageuka rangi, na huenda ikamdondokea aliyelala chini yake ikiwa laini na ya moto.

MAMBO YA KWETU PWANI

Katika nchi za baridi taa hizi huleta taabu kwa sababu watu hutandaza sufi na vitu vya kuzuia baridi juu ya dari, navyo huifunika taa. Ndiyo maana huko Marekani, tangu miaka ya 1980, taa za kuzama zenye globu za uzi zinatakiwa ziwe na kifaa cha kuzizima zenyewe joto likizidi. Sisi hatutandazi sufi, lakini tuna ya kwetu.

Tuna mabati. Mwezi wa Februari jua la adhuhuri likiwaka Tanga, hewa iliyofungiwa kati ya bati na dari huwa ya moto hata kabla taa haijawashwa. Jioni taa zinapoanza kazi, zinaanza katika tanuri.

Tuna hewa ya bahari. Chumvi na unyevu wake hula skrubu na ncha za waya kama inavyokula pagale la baiskeli. Maungio yaliyoshika kutu hayapitishi umeme vizuri, na penye kizuizi umeme hugeuka kuwa joto.

Tuna panya, popo na ndege. Panya hutafuna waya, ndege hujenga viota vya majani makavu, na kiota hupenda kukaa mahali penye vuguvugu, yaani juu ya taa.

Tena tuna tabia yetu wenyewe ya kufanya dari kuwa ghala. Magunia, maboksi, sponji za magodoro ya zamani na vipande vya kamba za mkonge hurushwa huko juu na kusahauliwa. Kipande cha sponji kilichoangukia mgongo wa taa ni kuni iliyokwisha kuwekwa jikoni.

MIFANO ILIYOTOKEA

Isidhaniwe kwamba haya hutokea kwa maskini au kwa wasiosoma tu. Tarehe 20 Novemba 1992, jumba la kifalme la Windsor huko Uingereza liliungua kwa muda wa saa 15 hivi, na vyumba 115 viliharibiwa. Moto ulianzia katika kanisa dogo la ndani ya jumba hilo. Taa kali ya kumulika iligusana na pazia, na pazia likashika moto. Hapakuwa na bomu wala petroli, bali taa na kitambaa. Ilichukua miaka mitano kulitengeneza upya.

Nchini kwetu tuna majonzi makubwa zaidi. Mwezi Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua na wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mwezi Agosti 2009 bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, liliungua na wasichana 12 wakafariki. Katika msiba wa Idodi kilichotajwa kuwa chanzo ni mshumaa. Mshumaa si taa ya umeme, lakini fundisho ni moja: chanzo cha mwanga kilikaribiana na kitu kinachoungua, na watu walikuwa wamelala.

Kwa sababu hiyo tutazame pia taa zetu nyingine. Globu inayowekwa katika boksi kuwapa joto vifaranga ining'inizwe kwa waya wa chuma ulio imara, mbali na maranda na kuta za boksi. Ile iliyomo katika kabati la kioo la chipsi isiguse karatasi za kufungia. Globu isifunikwe kwa khanga au karatasi ya rangi ili kupunguza mwanga chumbani mwa mtoto. Na katika pango la Noeli, ambalo tunalitengeneza kwa majani makavu na karatasi za magunia, tuwashe taa ndogo za LED tu, tena tuzizime kila mara kanisa linapofungwa. Jamaa wanaotumia koroboi waiweke mbali na chandarua, wala wasiongeze mafuta inapowaka.

DALILI ZA HATARI

Taa inayopata joto kupita kiasi haikai kimya. Tunawaomba akina baba na akina mama wazikague taa zao jioni moja wakizingatia haya:

1. Pete iliyokuwa nyeupe imegeuka manjano au kahawia, imepinda, au imeachana na dari.

2. Dari kuzunguka taa ina duara jeusi au ufa mpya.

3. Kuna harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki ilhali hakuna aliyepika samaki. Baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto hunuka hivyo. Sisi watu wa pwani ni rahisi kuipuuza harufu hiyo, kwa hiyo tuwe macho zaidi.

4. Taa hujizima yenyewe baada ya muda, kisha huwaka tena ikipoa. Huenda ina kile kifaa cha kujilinda, nacho kinafanya kazi yake. Fundi asikitoe. Atafute sababu ya joto.

5. Globu za mahali pamoja huungua mara kwa mara, au taa hulia kama nyuki, au swichi yake ina vuguvugu.

Ukiona hata dalili moja, zima taa hiyo na usiiwashe tena mpaka itazamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta wenyewe huenda usiwepo.

TUFANYE NINI?

Soma maandishi yaliyo kwenye pete au kitako cha taa. Huandikwa wati za mwisho zinazoruhusiwa, usizidishe. Penye taa za halojeni badilisha uweke LED zenye alama ya ubora ya TBS. Hii ni hatua moja ipunguzayo hatari kubwa kwa fedha kidogo, na gharama ya umeme nayo hupungua.

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apande darini aondoe takataka, aziweke waya mbali na migongo ya taa, akaze maungio na kubadilisha yaliyoshika kutu. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari kazi hii irudiwe kila baada ya miaka michache. Mwenye kujenga sasa amwambie fundi mapema aache nafasi ya hewa juu ya kila taa, na matundu ya kutolea hewa chini ya paa.

Kamwe fyuzi iliyokatika isirudishwe kwa kufunga kipande cha waya. Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga mlinzi mikono, usishangae mwizi akiingia.

Jambo la mwisho, na kwetu sisi wauguzi ni kubwa kuliko yote: madirisha yetu yana nondo na milango yetu hufungwa kwa kufuli usiku. Tunafanya hivyo kwa kuogopa wezi. Basi ufunguo ukae mahali pamoja, karibu na mlango, panapofikika gizani hata na mtoto mkubwa, na kila mtu wa nyumbani apajue.

MOTO UKIZUKA

Piga kelele, amsha watu wote na toka nje. Ukiweza kuifikia mein swichi bila kupita kwenye moshi, izime. Usimwage maji penye umeme. Moto ulioanza darini hauwezi kuuzima kwa ndoo. Funga mlango wa chumba hicho nyuma yako na uondoke. Moshi ndio unaoua wengi, hata kabla moto haujawagusa, na hewa safi hubaki chini, kwa hiyo tambaa. Ukiwa nje piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usirudi ndani kufuata televisheni, vyeti wala fedha.

Nguo zikishika moto mwilini, usikimbie. Lala chini na kujiviringisha, au mfunike aliyeshika moto kwa blanketi zito.

Aliyenaswa na umeme msimshike kwa mikono kabla ya kuuzima.

HUDUMA YA KWANZA KWA ALIYEUNGUA

Poozeni jeraha kwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Yawe ya bomba yanayotiririka, au ya mtungi mkiyamimina kwa kata polepole. Dakika 20 ni nyingi, kwa hiyo tazameni saa. Maji haya hupunguza maumivu na huzuia joto lisizame ndani ya nyama. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue bado yanasaidia. Barafu haifai.

Wakati huo vueni pete, bangili, shanga na saa kabla mwili haujavimba. Nguo au plastiki iliyoganda kwenye ngozi msiivute, iachieni hospitali. Malengelenge msiyatumbue.

Msipake kitu. Tunajua dawa ya meno, asali ya nyumbani, ute wa yai, mafuta ya taa na majivu, na manyoya ya sungura pia tunayajua. Wanaotumia hivi hufanya kwa upendo. Lakini hufungia joto ndani, huleta vidudu, na daktari hulazimika kuvisugua vitoke, jambo linalomtesa mgonjwa mara ya pili.

Baada ya kupooza, funikeni jeraha kwa kitambaa safi kikavu, kama khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mwili mwingine ufunikwe vizuri, maana mtoto aliyelowa hupata baridi upesi.

Mleteni hospitali bila kuchelewa ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Ikiwa liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Ikiwa ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haisikii maumivu. Ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee. Aliyevuta moshi aje hata kama hana jeraha, hasa akiwa na sauti ya kukwaruza, kikohozi au masizi puani. Aliyepigwa na umeme naye aje hata kama ana alama ndogo kama punje ya mahindi, kwa kuwa umeme huunguza ndani na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na kila aliyeungua aulizwe habari za chanjo yake ya pepopunda.

Ndugu wasomaji, nyumba yenye mwanga ni baraka, na hakuna anayesema turudi gizani. Tunachoomba ni kwamba kila familia, kabla ya mwezi huu kwisha, itazame juu dakika tano tu na kuhesabu pete zilizogeuka rangi. Baraza la Walei na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kufanya vivyo hivyo katika ukumbi, sakristia na nyumba ya mapadre. Tahadhari kabla ya hatari. Mungu awalinde katika nyumba zenu.